Jicho la pili kwenye programu ya kompyuta laweza kuokoa kilo za mkulima

SANDUKU la fedha la kikundi cha vicoba huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Mweka hazina hawezi kulifungua akiwa peke yake nyumbani usiku. Siku ya kikao fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na katibu huandika huku mwenzake akiangalia. Hakuna anayeona kuwa utaratibu huo ni kumwita mweka hazina mwizi. Watu wanajua tu kwamba mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu namna gani, hukosea hesabu akichoka.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Maramba, mji mdogo ulio chini ya milima ya Usambara Mashariki wilayani Mkinga, wameuzoea uangalifu wa namna hiyo. Gunia likipandishwa kwenye mzani, mwenye mzigo husogea kuusoma mwenyewe. Machungwa yakihesabiwa kupakiwa kwenye lori, mnunuzi huwa na mtu wake wa kuhesabu na muuzaji huwa na wake. Ajabu ni kwamba uangalifu huo huishia mlangoni mwa ofisi yenye kompyuta. Chama cha msingi kikitaka programu ya kupokea mazao, hutafutwa kijana mmoja anayeijua kazi, huiandika peke yake, huileta kwenye flashi, na kesho yake hesabu za mamia ya wanachama zinaanza kupitia humo. Hilo ni sanduku la kufuli moja na ufunguo mmoja.

Na kompyuta sasa imeingia karibu kila hatua ya biashara ya mkulima. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Mashine za kodi za EFD ziliingia madukani kuanzia mwaka 2010. Katika msimu wa 2022/23 serikali ilitoa ruzuku ya mbolea kwa kuwasajili wakulima katika mfumo wa kompyuta, na asiyekuwamo katika mfumo hakuwa na njia ya kununua kwa bei ya ruzuku. Vyama vya ushirika navyo vinaachana na madaftari kidogo kidogo. Mkulima anayesema kompyuta si mambo yake, kilo zake tayari zimo humo.

Programu ya kompyuta ni maagizo tu. Kuna mtu aliketi mahali akaandika mstari kwa mstari: pokea kilo, zidisha kwa bei, toa ushuru, toa deni la pembejeo, andika kinachobaki. Maandishi hayo wenyewe huyaita msimbo. Kompyuta huyafuata kama yalivyo, haiulizi kama yana akili ama hayana. Ndiyo maana katika kazi za programu zinazofanywa na watu wengi kwa pamoja umejengeka utaratibu wa uhakiki wa wenza. Maana yake ni kwamba mwandishi mwingine wa programu, ambaye hakuuandika msimbo ule, anausoma kabla haujaanza kutumika, anauliza maswali, na ana mamlaka ya kusema "bado".

Tuchukue mfano wa programu ya kupokea korosho. Mwandishi wake yuko Dar es Salaam, ni hodari wa kazi, na amedhani kuwa mkulima huleta mzigo wake mara moja kwa siku. Kwa hiyo ameiagiza kompyuta ihifadhi kilo za kila mkulima kwa namba yake ya uanachama na tarehe. Anaijaribu kwa kuingiza wakulima 10 wa kubuni, kila mmoja kilo 50, na jumla inatoka kilo 500 kamili. Anaridhika.

Vijijini mambo ni mengine. Mkulima aliye mbali na ghala huleta gunia moja asubuhi kwa baiskeli au bodaboda, na la pili jioni. La pili linapoingizwa, linakaa mahali pa lile la kwanza, kwa kuwa namba ni ileile na tarehe ni ileile. Kilo za asubuhi zimefutika. Kompyuta haikupiga kelele wala haikuandika kuwa kuna kasoro. Karani hajaiba, na mwandishi wa programu hajaiba, lakini mkulima ana stakabadhi mbili mkononi na mfumo unaitambua moja. Ugomvi huo ukifika kwenye mkutano mkuu, ni wachache watakaosema kuwa kompyuta ndiyo iliyokosea.

Msomaji wa pili angefika kwenye mstari ule na kuuliza swali la kawaida tu: itakuwaje mtu akija mara mbili? Swali hilo halihitaji elimu kubwa kuliko ya mwandishi. Linahitaji mtu ambaye hayumo ndani ya mawazo ya mwandishi. Aliyeandika barua akiirudia husoma alichokusudia kukisema, na ndiyo maana kosa lililo wazi linampita mara tatu na kuonekana na mpokeaji mara moja.

Waliofungwa kwa hesabu za kompyuta

Anayedhani kuwa haya ni mambo madogo aangalie yaliyowapata wafanyabiashara wadogo wa Uingereza. Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kusambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Fujitsu. Watumiaji wake wengi walikuwa wenye maduka ya mitaani wanaoendesha posta ndogo kwa mkataba, watu ambao hapa tungewafananisha na mawakala wa fedha za simu. Mfumo ulianza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wao hawakuuelewa. Mkataba uliwataka walipe, nao walilipa kutoka akiba zao na mikopo, wengine wakafilisika. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na makosa ya hesabu, na baadhi yao wakaenda jela. Walipolalamika, jibu lilikuwa kwamba mfumo hauna tatizo.

Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kuwa mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo. Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Katika ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya uchunguzi kulikuwa na ripoti ya ndani ya mwaka 1998, yaani kabla mfumo haujasambazwa. Waliouandika walikuwa wamepitia msimbo wa sehemu ya mauzo ya kaunta na kukuta mambo ya kusikitisha. Mfano mmoja uliowashangaza watu wa fani hiyo ni wa kugeuza namba ya kawaida kuwa ya deni, yaani 5 iwe hasi 5. Mwandishi aliiagiza kompyuta ichukue namba hiyo na kutoa mara mbili yake. Jibu linapatikana, kwa kuwa 5 kutoa 10 ni hasi 5, lakini ni njia ya mtu asiyeijua vizuri hesabu anayoiandikia programu. Ripoti ilishauri sehemu hiyo iandikwe upya. Haikuandikwa.

Hapa ndipo penye fundisho kwa viongozi wa ushirika kuliko penginepo. Uhakiki ulifanyika, macho ya pili yaliona, lakini aliyeona hakuwa na uwezo wa kufunga mlango.

Kisa kimoja cha mfumo huohuo kingeweza kutokea Maramba wiki ijayo. Mwaka 2015, katika kijiji cha Dalmellington kule Scotland, mhudumu wa posta alikuwa akiingiza mfuko wa paundi 8,000. Kompyuta ikaganda. Akabonyeza tena, na tena. Kumbe kila alipobonyeza, mfumo uliandika paundi 8,000 nyingine, na kiasi kikaingia mara nne. Ghafla posta ile ikaonekana ina upungufu wa paundi 24,000. Karani yeyote anayefanya kazi mtandao ukiwa unakatikakatika anaijua hali hiyo. Swali la mhakiki lingekuwa jepesi: mtu akibonyeza mara mbili, mfumo utajuaje kuwa mzigo ni uleule?

Wakubwa nao hawakupona. Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa muda wa dakika 45 hivi. Fundi mmoja alikuwa amepeleka msimbo mpya kwenye seva saba na kuisahau ya nane, ambayo iliendelea kutumia maagizo ya zamani. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilipochunguza ilikuta kuwa kampuni haikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka fundi wa pili kuipitia kazi hiyo.

Eldoret na Mlimani

Si kwamba utaratibu huu ni wa Ulaya na Marekani tu. Moja ya kazi za pamoja za programu zinazofahamika zaidi duniani katika sekta ya afya ilikulia Eldoret, Kenya. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, wakishirikiana na mpango wa AMPATH unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake, walianza kutengeneza OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Msimbo wake ni huria, kwa maana kwamba yeyote anaweza kuusoma na kupendekeza mabadiliko, awe Eldoret, Kigali au Boston. Hata hivyo, kupendekeza si kuingiza. Badiliko hukaa kwenye foleni hadi mwenzake aliyepewa dhamana alisome, aandike maoni yake, na mwenye badiliko ajibu au arekebishe. Maoni yote hubaki yameandikwa, na mwaka ujao mtu anaweza kurudi kuona ni nani aliuliza nini.

Kwa upande wa Tanzania kuna DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za zahanati, vituo vya afya na hospitali nchi nzima. Unatengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake wa miaka mingi. Zanzibar ilitangulia kuutumia, na Bara ukafika katika mikoa yote kufikia mwaka 2013. Msimbo wake nao uko wazi na mabadiliko yake hupitia macho ya wengine kabla ya kuingizwa. Sababu inaeleweka: idadi ya wagonjwa wa malaria ikikosewa huku, dawa zinapungua kule.

Jambo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wa vijana wanaoandika programu leo. Michael Fagan wa kampuni ya IBM alichapisha mwaka 1976 maelezo ya namna ya kuukagua msimbo kwa mikutano rasmi, kila mmoja akiwa na kazi yake mezani. Mikutano hiyo ilikuwa mizito na wengi waliiacha. Kilichoufufua uhakiki ni kazi za pamoja za watu wasioonana, kama Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambako mabadiliko yalitumwa kwa barua pepe na kujadiliwa hadharani. Chombo cha kuhifadhi mabadiliko kiitwacho Git, alichokianzisha Torvalds huyohuyo mwaka 2005, kimeifanya kazi hiyo kuwa rahisi. Leo badiliko la mistari 20 linaweza kusomwa na mwenzako wa Arusha kabla ya chai ya saa nne.

Kuna faida nyingine ambayo chama kidogo kinaihitaji pengine kuliko hata ile ya kunasa makosa. Utafiti uliofanywa katika kampuni ya Microsoft na kuchapishwa mwaka 2013 uligundua kuwa wengi hufanya uhakiki wakitarajia kukamata kasoro, lakini kwa sehemu kubwa wanachovuna ni kuelewana na kujua kazi ya wenzao. Kwa lugha ya huku kwetu, fundi mmoja akisafiri, akiugua au akipata ajira mjini, yupo mwingine aliyewahi kuusoma msimbo na anayejua mlango uko wapi. Vyama vinavyomtegemea kijana mmoja huanza kumtafuta kwenye simu isiyopatikana msimu ukiwa umepamba moto.

Tatizo la heshima nalo lisipuuzwe. Kijana aliyemaliza chuo mwaka jana akipewa kazi ya kuuhakiki msimbo wa mtu anayemwamkia shikamoo, atasema upo sawa hata kama ameona kasoro. Waliozoea kazi hii huliandika swali badala ya hukumu. Hawasemi "umekosea", husema "kaka, hapa ushuru unatolewa kabla ya deni au baada?" Mkubwa naye hutanguliza msimbo wake usomwe na wadogo, ili ionekane kuwa kusomwa si adhabu. Pale ambapo mkubwa hasomwi, uhakiki hugeuka kuwa sahihi ya kupitisha tu, na sahihi ya namna hiyo haina thamani hata ya wino.

Wala uhakiki si dawa ya kila ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2011 badiliko dogo liliingizwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika tovuti nyingi duniani. Lilisomwa na mhakiki mmoja, na kosa likampita kama lilivyompita mwandishi. Liligunduliwa na kutangazwa Aprili 2014, miaka miwili tangu lianze kusambaa, nalo likapewa jina la Heartbleed. Kazi hiyo iliyotegemewa na mabenki ilikuwa mikononi mwa watu wachache mno, wengi wakijitolea. Jicho la pili lililochoka halitofautiani sana na kutokuwa na jicho.

Kwa hiyo kuna kiasi. Utafiti wa kampuni ya Cisco uliotolewa mwaka 2006 ulishauri mtu asome mistari 200 hadi 400 kwa kikao, na kikao kisizidi saa moja na nusu hivi. Anayeletewa mistari 3,000 Ijumaa jioni na kuirudisha Jumamosi asubuhi ikiwa "safi" hakuisoma.

Gharama yake

Je, chama kidogo kinamudu? Tupige hesabu ya mfano. Programu ya kawaida ya kupokea mazao na kulipa wakulima iwe na mistari 6,000. Mhakiki akisoma mistari 300 kwa saa, ni saa 20. Akilipwa Sh30,000 kwa saa, jumla ni Sh600,000. Sasa turudi kwenye lile kosa la mizigo miwili kwa siku moja. Wakulima 40 wakipoteza kilo 60 kila mmoja katika msimu, ni kilo 2,400. Kwa bei ya Sh2,000 kwa kilo, zimeyeyuka Sh4,800,000. Hapo haijahesabiwa nauli ya kwenda kwa ofisa ushirika, wala karani aliyefukuzwa kazi kwa kosa ambalo si lake.

Fedha si kikwazo kikubwa kama mkataba. Vyama vingi hununua programu kama wanavyonunua redio, hupewa chombo bila kuonyeshwa kilichomo ndani. Bila msimbo hakuna cha kuhakiki. Bodi inapaswa kudai kabla ya kulipa malipo ya mwisho kwamba msimbo ukabidhiwe chama, usomwe na mtu aliyeteuliwa na chama na ambaye si ndugu wala mshirika wa mwandishi, na kwamba maswali yake na majibu yaandikwe. Kipengele cha muhimu zaidi ni kile kinachosema kuwa mhakiki akikataa, programu haianzi kutumika. Mwandishi mzuri wa programu hatalikimbia sharti hilo. Anayelikimbia ni afadhali akimbie mapema.

Watu wa kufanya kazi hiyo wapo. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka, na vyama viwili jirani vyenye mafundi tofauti vinaweza kubadilishana kazi, wa huku akasoma ya kule na wa kule akasoma ya huku, bila gharama kubwa. Si lazima mhakiki aijue korosho, ila ni vizuri akae nusu siku na karani ghalani aone mizigo inavyoingia, mtandao unavyokatika, na wakulima wawili wa jina moja wanavyotofautishwa.

Minada ya korosho kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Chama kinachotaka kutumia programu mpya msimu huo kingetakiwa kuwa na msimbo mezani ifikapo Julai, ili Agosti itumike kusoma na kurekebisha, na Septemba kuingiza namba za daftari la msimu uliopita na kuona kama malipo yanatoka yaleyale. Daftari lenyewe lisitupwe. Liendelee kuandikwa sambamba na kompyuta kwa msimu mzima wa kwanza, na kila jioni kabla ghala halijafungwa, jumla ya daftari na jumla ya kompyuta zisomwe na watu wawili.